Mchezo unaomfanya mtoto ahitaji neno

Katika shule nyingi za mji wetu wa Lubumbashi, somo la msamiati kwa watoto wa darasa la kwanza huenda hivi: mwalimu anaonyesha kitu, anataja jina lake, na darasa zima linaitikia kwa sauti mara tatu au nne. Watoto wanafurahia kelele, lakini neno linabaki peke yake. Mtoto amejua kusema "kijiko". Hajajua kukiomba, kukitafuta wala kukieleza. Katika makala haya ninataka kuonyesha kwamba mchezo mzuri wa msamiati ni ule unaomfanya mtoto ahitaji neno pamoja na viambishi vyake.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kongo. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha hizo zitumike katika kufundisha. Lakini Kiswahili cha kitabuni si kile cha nyumbani. Nyumbani mtoto anasema "kijiko yangu iko wapi?"; kitabuni anakuta "kijiko changu kiko wapi?" Akichekwa, ananyamaza. Na mtoto aliyenyamaza atasoma silabi bila kupata maana.

Michezo mitatu ifuatayo nimeijaribu na watoto wa umri huo. Haihitaji picha wala vitabu.

Wa kwanza ni mfuko. Tia ndani kijiko, kikombe, mswaki, ufunguo na jiwe. Mtoto mmoja anaingiza mkono bila kutazama, anashika kitu kimoja na kusema: "Nimekishika. Ni kidogo, kina mpini." Wenzake wanabahatisha. Akisema "nimelishika, ni gumu", hakuna atakayetaja kikombe tena, maana "li" imekwisha kulitaja jiwe nusu. Hapo kiambishi si kanuni ya kukariri. Ni msaada wa kushinda.

Wa pili ni kitendawili, ambacho watoto wetu wanakijua tangu kwa nyanya zao. Mwalimu anatega: "Inaingia kinywani imejaa, inatoka tupu." Majibu yanakuja ya kila aina. Kisha anatega upya: "Kinaingia kinywani kimejaa, kinatoka kitupu." Sasa watoto wanatafuta kitu chenye "ki", na kijiko kinapatikana haraka. Baada ya hapo waache watunge vyao wenyewe, kwa vitu vya jikoni kwao.

Wa tatu ni soko. Vifuniko vya chupa ndivyo pesa. Muuzaji hatoi kitu mpaka mnunuzi akieleze vizuri: "Nipatie kikombe kile." "Hiki?" "Hapana, kile chekundu." Weka vikombe viwili visivyofanana, kikiwa kimoja tu, mtoto atanyoosha kidole na neno halitahitajika.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, maneno matano kwa somo moja yanatosha, mradi yarudi kesho yake na tena baada ya juma. Pili, darasa likiwa kubwa, ligawe katika vikundi vya watoto sita au saba. Mchezo ambao mmoja anacheza na hamsini wanatazama si mchezo. Tatu, mtoto akisema "kikombe yangu", usimkatize. Mjibu: "Ehe, kikombe chako kiko wapi?" Amesikia umbo la kitabuni, na mazungumzo hayakusimama. Vivyo hivyo akiita jiko la makala "mbabula", lipokee neno lake, kisha uliweke "jiko" kando yake. Anaongeza neno la pili; hanyang'anywi la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba michezo inakula muda wa somo. Mimi naona muda unaopotea ni ule wa kuitikia maneno ambayo mtoto hatayatumia akitoka mlangoni.

Ndugu wanafunzi mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya ualimu, kabla ya kuandaa somo, waulizeni watoto majina ya vitu ishirini vya nyumbani kwao na kuyaandika jinsi wanavyoyasema. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia mfuko wenu utiwe nini.