Somo: Kuhamishia Mashua ya Tanga Bahari ya Mediterania

Madhumuni: Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kutofautisha muda wa chombo na muda wa mtu, kulinganisha njia tatu za safari, na kuupima mkataba wa marina kabla ya kutia saini.

1. Utangulizi

Wapo wamiliki wengi wa mashua za tanga waishio Uingereza ambao hupenda kuzihamishia kwenye marina, yaani bandari za mashua za starehe, za Hispania, Ufaransa, Italia au Ugiriki. Huko jua ni jingi, na maji kupwa na maji kujaa hutofautiana kidogo tu. Shughuli hii ina wauzaji wengi: mwenye marina, nahodha wa kukodiwa, mwenye lori, wakala na kampuni ya bima. Kila mmoja humtajia mteja bei ya sehemu yake, wala hapana anayemjumlishia. Hesabu ya jumla ni kazi ya mlaji mwenyewe, naye aifanye kabla ya kulipa malipo ya awali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Muda wa chombo

Tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza imekuwa nje ya utaratibu wa forodha na wa kodi ya ongezeko la thamani wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo, mashua ya mkazi wa Uingereza huingia katika Umoja kama mgeni. Huruhusiwa kukaa miezi 18 bila kutozwa kodi hiyo, kwa sharti kwamba mmiliki na mtumiaji wake ni wakazi wa nje ya Umoja. Muda ukipita, forodha yaweza kudai kodi juu ya thamani yote ya chombo. Nchini Hispania kiwango ni asilimia 21, Italia 22, na Ugiriki 24. Tuseme mashua ina thamani ya euro 60,000: nchini Hispania kodi peke yake itakuwa euro 12,600, mbali na ushuru au faini.

Wengi hudhani kuwa risiti ya kodi iliyolipwa Uingereza inatosha. Haitoshi. Chombo kilichokuwa England, Wales au Scotland mwishoni mwa tarehe 31 Desemba 2020 kilipoteza hadhi ya bidhaa ya Umoja, hata kama kodi yake ilikwisha kulipwa. Hata hivyo, risiti hiyo itunzwe, kwa kuwa itahitajika siku ya kurejea Uingereza.

Chombo kikitoka katika eneo la forodha la Umoja, kwa mfano kwenda Morocco au Tunisia, kisha kikarudi, muda mpya huanza. Anayedai kuwa alitoka ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Basi ahifadhi risiti za bandari na karatasi za forodha.

3. Muda wa mtu

Kalenda ya mwenye mashua si kalenda ya mashua. Raia wa Uingereza huruhusiwa kukaa katika nchi za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Aingiaye tarehe 1 Mei akakaa mfululizo, siku yake ya mwisho ni tarehe 29 Julai, nayo mashua ingali na zaidi ya mwaka mmoja wa ruhusa. Kuvuka kutoka Hispania kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya, kwa maana zote ni eneo moja la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa mkazi wa Uingereza, huhitaji viza kabla ya kung'oa nanga. Na akikusudia kutoka na kurudi, aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea: mtu hulipia gati la mwaka mzima, kisha akagundua kwamba sheria haimruhusu kukaa majira yote ya joto.

4. Njia tatu

Njia ya bahari hupita Ghuba ya Biscay, pwani ya Ureno na mlango wa bahari wa Gibraltar. Ni ndefu, na Biscay huchafuka sana majira ya baridi. Aidha, tangu mwaka 2020 nyangumi wauaji wamekuwa wakigonga na kuvunja sukani za mashua za tanga katika pwani hizo. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi iwapo hasara hiyo inafidiwa.

Njia ya mito na mifereji ya Ufaransa huanzia Le Havre, hupita Paris, na kuishia Port-Saint-Louis-du-Rhône. Mlingoti sharti ulazwe, kwa sababu madaraja mengi ya mifereji huacha nafasi ya takriban mita 3.5 tu juu ya maji. Chombo kinachozama zaidi ya mita 1.8 kisitegemee njia hii. Ongeza gharama ya kushusha na kusimamisha mlingoti.

Njia ya tatu ni lori. Huokoa muda, lakini mashua pana huhitaji vibali maalumu. Uliza ni nani alipiaye winchi za kupakia na kupakua, na bima ya nani hutumika njiani.

5. Mkataba wa marina

Usitie saini kabla ya kupata majibu ya maandishi kwa maswali haya:

(a) Je, bei imejumuisha kodi, maji na umeme?
(b) Je, urefu unaotozwa ni wa bodi pekee, au pamoja na nanga na ngazi zinazochomoza?
(c) Nikiondoka mapema, nitarejeshewa kiasi gani?
(d) Nani atakagua kamba nisipokuwapo, hasa pepo kali kama mistral zivumapo?
(e) Je, naruhusiwa kumleta fundi wangu, au ni lazima nimtumie wa marina?

Kumbuka pia kwamba katika marina nyingi za huko mashua hufungwa tezi ikielekea gati na omo ikielekea nje. Kagua kama mashua yako ina kamba, maboya ya ubavuni na ubao wa kushukia vya kufaa.

6. Zoezi

Chora jedwali lenye safu tatu: chombo, mtu, mkataba. Katika kila safu andika tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Kisha jibu:

(i) Ni tarehe ipi inayofika kwanza?
(ii) Kati ya siku utakazolipia gati, ni ngapi utaruhusiwa kuwapo?
(iii) Gawanya bei ya mwaka kwa idadi ya siku hizo. Je, ungekubali kulipa kiasi hicho kwa siku moja?

Ikiwa jibu la swali la tatu ni hapana, omba mkataba wa miezi michache, au mahali pa kuiweka mashua nchi kavu, kabla ya kulipa chochote.