Mtoto wa Jirani na Hofu ya Kuitwa Mmbea

Jirani wa Makanyagio, hapo Mpanda,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unasema nyumba ya pili kutoka kwako kuna binti wa miaka kama 12, aliyeletwa kutoka kijijini baada ya mama yake kufariki, ili shangazi amlee na asome mjini. Shule hajaiona tangu mwaka jana. Asubuhi anachota maji na kufua, jioni anatoka na ndoo ya mayai ya kuchemsha kwenda stendi. Uliposhuka basi la Sumbawanga saa tano usiku ulimkuta amesinzia huku amekaa, ndoo kaibana katikati ya miguu, mkono umeshikilia kikopo cha kachumbari kisimwagike. Mara mbili umesikia akipigwa. Ulimdokeza mwenyekiti wa mtaa mlipokutana njiani, akakujibu kwamba hayo ni mambo ya kifamilia. Sasa unauliza uendelee, au uyaache kabla hujaitwa mmbea.

Endelea.

Lakini niruhusu nikuchokoze kidogo. Barua yako ina kurasa tatu, na karibu mbili nzima zinahusu watu watakavyokuona: shangazi atakununia, kwenye kikoba watakuteta, kanisani watahama benchi. Sikulaumu. Mitaani kwetu anayekuazima chumvi leo ndiye atakayekuja kukufariji siku ya msiba, na kumkosa si jambo dogo. Ila hofu hiyo ipime kando ya hofu ya mtoto aliye stendi saa tano usiku, asiyejua mlevi anayemkaribia anataka yai au anataka nini.

Unadhani ukiripoti, kesho yake shangazi atakuwa rumande na mtoto kwenye makao ya watoto. Sivyo sheria inavyoanza. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba mtoto ananyimwa chakula, matibabu, elimu au hata nafasi ya kucheza, njia ya kuipeleka kwa serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii akiipokea anamwita anayelalamikiwa, wanazungumza, anaamua kwa kuangalia manufaa ya mtoto. Anayelalamikiwa akikaidi ndipo shauri linapelekwa mahakamani, na hata huko mahakama inaweza kumtaka asaini ahadi ya kumtunza mtoto ipasavyo. Kipigo cha kuumiza ni jinai, sitakuficha, na hapo polisi wana kazi yao. Lakini mlango wa kwanza ni mazungumzo.

Huenda shangazi mwenyewe anayahitaji mazungumzo hayo. Umeandika kwamba ana watoto wake wanne na anauza dagaa. Ndugu walipogawana majukumu baada ya maziko, yeye ndiye aliyemchukua yatima. Hilo halihalalishi fimbo wala stendi usiku, ila linafanya swali la wako wapi hao ndugu wengine liwe la haki, na afisa ustawi anaweza kuliuliza kwa mamlaka ambayo wewe huna.

Jambo la pili litakuuma: bado hujaripoti. Kumdokeza mwenyekiti barabarani, yeye akiwa juu ya bodaboda, si kuripoti. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, au ofisi ya ustawi wa jamii pale manispaa. Eleza ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia, kwa tarehe, bila chumvi. Huhitaji ushahidi wa kumtia mtu hatiani, hiyo si kazi yako. Uliza jina la aliyekupokea na lini urudi kujua kilichofanyika, kisha urudi kweli. Ukiogopa kuonekana ofisini, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Na ukipata dalili yoyote kwamba kachezewa mwili, usingoje kikao cha mtu: dawati la jinsia na watoto polisi, na hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake.

Kikoba wasijue. Mtoto usimhoji wala usimwahidi usichoweza kutimiza. Nunua yai, mwite kwa jina lake.

Unalalamika pia kwamba serikali haina habari na watoto wa Katavi. Habari inazo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulitaja mkoa wetu kuwa wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Kinachokosekana ni habari ya nyumba ya pili kutoka kwako. Afisa ustawi mwenye eneo la kuanzia mjini hadi kwenye majaruba ya Mwamkulu na Kakese hawezi kuijua asipoambiwa na anayeishi hapo.

Ndiyo maana mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017, uliagiza kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mahali pengine kamati inafanya kazi. Kwingine majina yaliandikwa, karatasi ikaingia kwenye faili, na hakuna mkazi aliyewahi kuuliza. Uliza wewe. Kwenye mkutano wa mtaa, bila kumgusa huyo binti hata kwa fumbo, simama uulize wajumbe ni akina nani, walikaa lini, walipokea nini. Mpelekee diwani swali kuhusu usafiri wa maofisa ustawi, tena mapema, kwa sababu mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1 na vipaumbele hupangwa miezi mingi kabla. Mwenyekiti aliyekujibu kirahisi barabarani atapata taabu kujibu vivyo hivyo mbele ya wakazi waliomchagua.

Nenda wiki hii, dada yangu. Nanyi mnaosoma mkiwa Nsemulwa, Kawajense au Misunkumilo, mkutano wenu ujao msiufunge kabla hamjasomewa majina ya kamati ya ulinzi wa watoto. Kama haipo, iundwe siku hiyo hiyo.