Kubadilisha klachi na flaiwili nyumbani: giaboksi ikishashuka, maliza kila kitu

Ukimiliki gari la kazi Nyamisati, klachi ndiyo itakayokudai mapema kuliko kitu kingine chochote. Kutoka Bungu, pale unapoiacha barabara kuu ya Kilwa, hadi gatini kuna mchanga kiangazi na tope masika. Unakwenda na abiria wanaowahi kivuko cha MV Kilindoni kuvuka kwenda Mafia, unarudi na matenga ya samaki na kamba yaliyojazwa barafu. Kila unapokwama, mguu wa kushoto ndio unaofanya kazi, na kila unapoishikilia klachi nusu ili gari lijinasue, kuna kitu kinaungua huko chini.

Gari langu ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, inayosukuma magurudumu ya nyuma. Kazi yote nimeifanyia uani kwangu, chini ya mkorosho. Nitakayoeleza hapa yanafaa pikapu na Hiace za aina hiyo. Gari la magurudumu ya mbele lina utaratibu wake, maana giaboksi yake imelala kwa upande na lazima utoe shafti za magurudumu kwanza. La magurudumu manne lina boksi la pili nyuma ya giaboksi, na uzito wake ni habari nyingine. Usiianze bila winchi ya mnyororo.

Jambo moja ulishike kabla hujagusa spana. Gharama kubwa ya kazi hii si diski wala presha pleti, ni kushusha giaboksi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Giaboksi ikishakuwa chini, usirudishe kipuri cha kukihurumia, na usifunge diski mpya juu ya flaiwili mbovu.

Hakikisha ni klachi kweli

Watu wengi hushusha giaboksi kumbe tatizo ni mafuta ya klachi. Zipo dalili za aina mbili, na tiba zake hazifanani.

Injini ikivuma na mshale wa mizunguko ukapanda lakini gari haliongezi mwendo, hasa likiwa na mzigo kwenye gia ya nne, klachi inateleza. Harufu yake ni kali, kama breki zilizoungua. Njia ya kupima: simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kuvuma huku gari limesimama, imekwisha. Fanya mara moja tu, kwa kuwa kipimo chenyewe kinaiunguza.

Gia zikigoma kuingia, au rivasi ikisaga, mara nyingi klachi haiachii. Hapo anza na masta ya juu na masta ya chini. Angalia kiwango cha mafuta kwenye kikopo, kisha inua kifuniko cha mpira cha masta ya chini. Kukiwa na umajimaji ndani, sili zimechoka. Badilisha hizo kwanza, toa upepo, ujaribu. Huenda giaboksi ikabaki pale ilipo.

Na ukikanyaga klachi ukasikia mlio wa kukwaruza, ukiachia unanyamaza, hiyo ni rilizi beringi.

Spea na vifaa

Spea zangu nyingi naagiza Gerezani, Kariakoo. Mwenye duka anazipakia kwenye basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu, nazipokea Bungu. Usiagize kwa kusema "klachi ya Hilux" tu. Mtumie picha ya kibati cha namba ya chasi na ya injini, maana ukubwa wa diski na idadi ya meno yake ya kati hutofautiana. Agiza kwa pamoja:

- diski ya klachi
- presha pleti
- rilizi beringi
- beringi ndogo inayokaa katikati, mwisho wa kranki
- oili sili ya nyuma ya kranki na ya mbele ya giaboksi
- mafuta ya breki, aina ya DOT 3, pamoja na oili ya giaboksi

Diski mpya ikifika, ijaribu kwenye shafti ya giaboksi kabla hujafunga chochote. Iteleze yenyewe, isibane wala kuchezacheza.

Vifaa: jeki mbili, seti ya soketi yenye mkono mrefu, spana ringi, tindo butu, brashi ya waya, kamba nene ya katani au ya nailoni, mti mgumu wa kama mita mbili, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna, mafundi wa mashine za boti wakati mwingine wanayo. Azima.

Mahali pa kazi

Ardhi yetu ni mchanga, na mchanga humeza jeki. Weka ubao mpana na mnene chini ya kila jeki. Gari likishainuka, liweke juu ya magogo ya mnazi yaliyokatwa sawa na kulazwa msalaba, au stendi za chuma zenye ubao chini yake. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa nje. Likitikisika, panga upya.

Ondoa nyaya za betri kabla ya yote. Stata ina umeme wa moja kwa moja, na spana ikigusa mahali pasipofaa hutajua hata ulichogusa.

Kushusha giaboksi

Anza na propela. Piga alama ya tindo kwenye flanji zote mbili ili irudi palepale ilipokuwa; ikirudi imegeuka, gari litatetemeka. Mwaga oili ya giaboksi, au ziba tundu la nyuma kwa mfuko na mpira, la sivyo itakumwagikia usoni.

Fungua waya wa spidi, soketi ya taa ya rivasi na stata. Masta ya chini ifungue na kuining'iniza pembeni bila kukata bomba lake. Ndani ya gari, toa mfuniko wa ngozi na mkono wa gia.

Bolti za huku kwetu ni mtihani. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanadondoka kutoka kwenye bodi na kulowesha chini ya gari safari nzima. Piga brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, acha zilale nayo. Asubuhi gonga kichwa cha bolti mara mbili tatu kwa nyundo kabla ya kuvuta. Ile iliyogoma usiitwishe bomba refu mara moja. Ikivunjikia ndani utapoteza siku nzima kuitoboa.

Sasa kamba. Lile tundu la mkono wa gia sakafuni ndilo linalookoa mgongo. Laza mti wako ndani ya kebini, ukipita juu ya tundu, ukiegemea pande zote mbili kwenye kizingiti cha mlango kilichofunikwa kwa gunia. Pitisha kamba tunduni, izungushe giaboksi mara mbili, irudi juu, uizungushe kwenye mti. Mtu mmoja anakaa ndani anashika kamba, mwingine yuko chini na jeki. Shika injini kwa jeki ya pili chini ya sampu, ukiwa umeweka kipande cha ubao katikati, ndipo ufungue maunti ya giaboksi na boriti yake.

Bolti zinazoiunganisha na injini zifungue zote isipokuwa mbili za juu. Hizo ziwe za mwisho. Kisha irudishe giaboksi nyuma kwa mstari ulionyooka hadi shafti itoke kabisa kwenye diski. Isining'inie kwenye diski hata kidogo, inapinda. Ikishatoka, anayeshika kamba anaachia taratibu kwa maelekezo ya aliye chini. Anayeamuru awe mmoja tu.

Flaiwili haisemi uongo

Vumbi jeusi utakaloliona usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Klachi za zamani zina asbesto, na vumbi lake linadhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholoa maji.

Fungua bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa msalaba, kila moja nusu mzunguko, mpaka springi ipumue. Diski itadondoka, ishike.

Hapa ndipo watu wengi hukimbia. Mara ya mwisho kijana anayenisaidia aliangaza tochi akaniambia, "Mzee, si tufunge tu? Flaiwili bado inang'aa."

"Inang'aa kwa kuwa imeungua, mwanangu. Pitisha ukucha hapo."

Akapitisha kutoka ndani kwenda nje. Ukucha ukanasa kwenye mifereji mitatu. Nilipomulika kwa ubavu, yakaonekana madoa ya buluu yaliyozunguka uso mzima, na kati yake vipasuko vyembamba kama nywele.

Flaiwili ina kazi mbili. Inatunza mzunguko wa injini usikatikekatike, na ni ukuta ambao presha pleti inaubania diski. Ukuta ukiwa na mifereji, diski mpya inagusa vilele tu. Inashika nusu, inapata joto, inateleza, na baada ya muda mfupi umerudi uvunguni. Madoa ya buluu ni mahali ambapo joto limebadilisha chuma kikawa kigumu kuliko jirani yake. Hapo ndipo gari huanza kutetemeka unapoondoka.

Uamuzi ni huu. Mifereji midogo na madoa mepesi: peleka kwa fundi mkereza, ailainishe kwenye mashine. Mwambie akate kidogo kadiri inavyowezekana, na kama uso una ngazi mbili, zote zishuke kwa kipimo kilekile. Vipasuko vinavyonasa ukucha, au meno ya stata yaliyolika: tafuta nyingine. Yangu niliiacha kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Magari mengi mapya ya dizeli yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo kwa kawaida haikerezwi, inabadilishwa.

Kabla hujaitoa, piga alama kati yake na kranki. Ni nzito, na bolti ya mwisho ikitoka itakushukia, kwa hiyo acha bolti moja ya juu imeshika nusu. Nyuma yake utaiona sili ya kranki. Ikiwa na unyevu wa oili, huo ndio uliokuwa ukilowesha diski. Badilisha hata kama ni kavu, pamoja na ile beringi ndogo ya kati.

Kufunga

Flaiwili ikirudi, safisha nyuzi za bolti, weka gundi ya nyuzi, kaza kwa msalaba kwa awamu. Kwa 3L kipimo ni 123 Nm. Gari lako fuata kitabu chake. Futa uso wa flaiwili na wa presha pleti kwa petroli na kitambaa safi, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa spea mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Kuanzia hapo mikono yenye grisi isiguse diski.

Upande wa diski wenye kitovu kilichotokeza na springi huelekea kwenye giaboksi. Kuiweka katikati, tumia kipini cha plastiki kinachokuja na seti. Kama hakipo, chonga kijiti cha mti mgumu kitoshee kwenye beringi ya kati, halafu kiviringishie utepe wa karatasi wenye gundi hadi kijaze tundu la diski. Kaza presha pleti kwa msalaba hadi 19 Nm, ndipo uvute kijiti. Kikitoka bila kugoma, umepatia.

Paka grisi nyembamba kwenye meno ya shafti na mahali uma wa klachi unapogusa rilizi beringi, ufute iliyozidi. Grisi nyingi hurushwa na mzunguko ikaishia kwenye diski.

Giaboksi inarudi kwa kamba ileile. Weka gia ya nne, zungusha shafti ya nyuma ya giaboksi kwa mkono huku mwenzako akiisukuma mbele, meno yatapatana. Ikibaki nafasi ya vidole viwili na haitaki kuingia, usiivute kwa bolti, masikio ya hauzingi yatapasuka. Rudisha nyuma, nyoosha, jaribu tena. Ikiingia vizuri inagusana na injini yenyewe, na bolti zinakuja kukaza tu.

Kutoa upepo na kujaribu

Hata kama hukufungua bomba, toa upepo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo ya masta ya chini, anafunga, ndipo mguu unaachia. Endelea mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na kikopo cha juu kisikauke. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka. Pedali iwe na mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kukaza.

Jaza oili ya giaboksi kabla hujawasha. Washa, kanyaga klachi, subiri kidogo, ingiza rivasi. Iingie kimya.

Kilomita 300 hadi 500 za mwanzo usibebe mzigo mzito wala kuvuta gari lingine, diski na flaiwili zizoeane. Baada ya hapo maisha ya klachi yako yako mguuni. Usipumzishe mguu juu ya pedali. Ukikwama topeni, usishindane nalo kwa klachi nusu. Teremsha abiria, toa upepo kidogo kwenye matairi, weka matawi, sukumeni. Watakaonung'unika kwamba kivuko kitawaacha, waambie waanze kusukuma wao.