Udongo wa Mashamba Jirani na Maeneo ya Kuchakata Taka za Kielektroniki

Taka za kielektroniki, yaani simu, kompyuta, televisheni na vifaa vingine vya umeme vilivyokwisha kazi, hubeba shaba na dhahabu zinazotafutwa na wachakataji, lakini pia hubeba risasi iliyomo katika lehemu na katika vioo vya televisheni za chogo, pamoja na kadimiamu iliyomo katika baadhi ya betri za kuchaji. Nyaya zinapochomwa hadharani ili plastiki iungue na shaba ibaki, au bodi zinapolowekwa katika tindikali ili dhahabu ijitenge, sumu hizo husambaa kwa moshi, majivu na maji machafu hadi zikatua mashambani.

Ndivyo ilivyokuwa Guiyu, mji wa jimbo la Guangdong nchini China, ambako karakana za majumbani zilizungukwa na mashamba ya mpunga, na ambako watoto wengi waliopimwa damu walikutwa na kiwango kikubwa cha risasi. Mwaka 2015 karakana hizo zilihamishiwa katika eneo maalumu la viwanda. Udongo, bila shaka, haukuhama, na metali haziozi kama yaozavyo majani.

Risasi na kadimiamu hazifanani tabia. Kadimiamu huyeyuka kwa urahisi katika udongo wenye asidi, ikafyonzwa na mizizi na kupanda hadi kwenye majani na punje, na ikishaliwa hukaa katika figo kwa miaka 10 hadi 30 kabla ya kupungua hata nusu. Risasi, kwa sehemu kubwa, hubaki katika tabaka la juu la udongo na kushika kwenye majani kama vumbi, hivyo humdhuru zaidi mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Kwa sababu hiyo, kuosha mboga kwa maji mengi na kumenya viazi hupunguza risasi, ilhali kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondolewi kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Kaya iliyo jirani na eneo la namna hiyo haishauriwi kupanda mchicha, matembele au sukuma wiki mahali hapo. Miti ya matunda huwa na hatari ndogo zaidi, na chokaa ya kilimo, kwa kupunguza asidi, huizuia kadimiamu kwa kiasi. Kuku wasiachwe wachakure penye majivu, kwani dioksini, sumu itokanayo na plastiki iliyoungua, hujikusanya katika mayai. Majivu ya kuni yamezoeleka bustanini kama kinga ya wadudu, na mazoea hayo yasihamishiwe kwenye majivu ya nyaya hata kidogo.

Udongo wenye risasi hauna harufu wala rangi ya kuutambulisha. Hujulikana kwa kupimwa tu, na mtoto aliyekulia juu yake apelekwe hospitali apimwe damu hata kama haonekani kuumwa.