Kabla ya Kupanda Mibono, Piga Hesabu

Mbono huzaa mbegu zenye mafuta yanayoweza kuendesha injini ya dizeli. Katika miaka ya 2000, wakulima wengi wa Tanzania na Kenya walihimizwa kuupanda kwa kuwa huvumilia ukame. Lakini kuvumilia si kuzaa: penye maji haba, mavuno nayo huwa haba.

Unapoahidiwa bei, ipime hivi. Mashine ndogo huhitaji takriban kilo 4 za mbegu ili kutoa lita 1 ya mafuta. Tuseme lita ya dizeli ni shilingi 2,800. Mnunuzi anayeshindana na dizeli hawezi kulipa zaidi ya shilingi 700 kwa kilo, na hapo bado hajaondoa gharama za kusafirisha, kukamua na kuchuja. Anayeahidi zaidi aulizwe fedha zitatoka wapi.

Kumbuka pia kwamba mbegu na mashudu yake yana sumu. Soko likianguka, zao hili haliliwi wala halilishwi mifugo. Kwa hiyo:

1. Dai mkataba wa maandishi unaotaja bei, kipimo na siku ya malipo.
2. Usiondoe mahindi shambani. Panda mibono kuwa ua kwanza.