Umenunua Nyumba Iliyokaa Tupu England? Soma Kabla Bili Haijafika

Unasukuma mlango, unakwama. Nyuma yake kuna rundo la vipeperushi vya piza, vingine vimeshashikana kwa unyevu. Si neno, nyumba ni yako, umeipata mnadani kwa bei ya chee, na kundi la familia la WhatsApp limeshajaa pongezi. Kisha bahasha ya halmashauri inaingia: kodi ya makazi (council tax) mara mbili.

1. Saa ni ya nyumba, si yako. Tangu Aprili 2024, halmashauri za England zinaruhusiwa kutoza nyongeza ya kodi hiyo kwenye nyumba isiyo na mkazi na isiyo na fenicha za maana ikishatimiza mwaka mmoja. Zamani ilikuwa miwili. Nyumba ikiuzwa, hesabu haianzi upya. Unakabidhiwa funguo pamoja na miaka yote ya ukiwa wake.

2. Uliza tarehe kabla ya kunyoosha mkono mnadani. Dalali atakwambia "imekaa bila mtu kwa muda". Muda gani? Mtume wakili aulize halmashauri nyumba imesajiliwa kuwa tupu tangu lini, na jibu lije kwa maandishi. Bila hilo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

3. Piga hesabu ya bili yenyewe. Ukomo wa nyongeza ni asilimia 100 baada ya mwaka mmoja, 200 baada ya miaka mitano, na 300 baada ya kumi. Tuseme kodi ya kawaida ni pauni 1,800 kwa mwaka. Nyumba iliyokaa tupu miaka sita itakutoza 5,400, yaani 450 kila mwezi, na hujanunua hata ndoo ya rangi. Halmashauri si lazima ifike ukomo huo, kwa hiyo uliza ya kwako inatoza kiasi gani.

4. Ujanja wa godoro hausaidii. Kulala humo wikiendi mbili hakuivunji saa. Lazima mtu aishi zaidi ya wiki sita. Na ukijaza fenicha bila mtu kuhamia, inaweza kuhesabiwa kuwa nyumba ya pili, ambayo tangu Aprili 2025 nayo inaweza kuongezewa hadi asilimia 100. Umeruka majivu, umekanyaga moto.

5. Kama ni gofu, sema ni gofu. Tangu Aprili 2025, nyumba inayohitaji matengenezo makubwa, au ambayo mafundi wameshaanza kuitengeneza, inaweza kuepushwa na nyongeza kwa hadi miezi 12. Makubwa maana yake paa au kuta, si kubadilisha makabati ya jiko. Piga picha siku ya kwanza, tunza makadirio ya fundi, uombe mapema. Kodi ya kawaida utaendelea kulipa.

6. Ukiwa huo una faida moja, na wengi hawaijui. Nyumba iliyokaa bila mtu miaka miwili au zaidi, ukarabati wake unaweza kutozwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Iombe halmashauri barua ya kuthibitisha, umpe fundi aliyesajiliwa VAT kabla hajaandika ankara. Kwenye kazi ya pauni 30,000, hiyo ni 4,500 inayobaki mfukoni. Mimi ningeanza na barua hii kabla ya kuchagua vigae.

7. Ukiwa Scotland au Wales, usitumie hesabu hizi. Wales nyongeza inaweza kufika asilimia 300 baada ya mwaka mmoja tu. Scotland ina utaratibu wake, na mmiliki mpya anayekarabati anaweza kupewa miezi sita ya kupumua.

8. Ukiona umeonewa, andika. Anza na halmashauri yenyewe. Ina mamlaka ya kukupunguzia kwa hiari yake. Ikikataa au ikikaa kimya miezi miwili, England unaweza kwenda baraza la rufaa za kodi hii, na kufungua rufaa ni bure. Lakini bili inaendelea kudaiwa wakati unasubiri, kwa hiyo lipa huku unalalamika.