Kioo cha Kompyuta Kinawaka kwa Kiasi Gani?

Umeme ukikatika Mlowo mchana wa wateja, mwenye stesheneri kando ya barabara ya Tunduma hubaki na betri ya kompyuta mpakato tu, na mwanga wa kioo ni miongoni mwa vitu vinavyoila haraka. Kama mashine ni kuukuu na imewekewa Linux yenye i3 ili RAM isielemewe, hapo hakuna alama ya kuonyesha mwanga umefika wapi. i3 kazi yake ni kupanga madirisha, mengine unajiongezea.

Taarifa yenyewe tayari imo ndani ya mashine. Kwenye dirisha la kuandikia amri, andika:

ls /sys/class/backlight

Mashine nyingi za Intel hutoa intel_backlight. Za AMD hutoa jina linaloanza na amdgpu_bl. Yakitokea majina mawili, badili mwanga kwa vitufe kisha usome faili la brightness la kila moja: linalobadilika ndilo lako. Pasipotokea kitu, huenda unatumia kompyuta ya mezani, ambayo kioo chake kina vitufe vyake.

Sasa, ndani ya folda yenye jina hilo, soma faili la brightness pamoja na la max_brightness. Usiiamini namba ya kwanza peke yake. 400 ni kama asilimia 43 kwenye kioo chenye kikomo cha 937, lakini kikomo kikiwa 4882 ni asilimia 8 tu, na kusoma risiti hapo ni kuumiza macho. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 100.

Hesabu hiyo Polybar, programu ya upau wa taarifa kwenye kioo, hukufanyia. Kwenye faili lake la mipangilio, ongeza:

[module/mwanga]
type = internal/backlight
card = intel_backlight
label = Mwanga %percentage%%

Kisha liandike neno mwanga kwenye mstari wa modules-right. Ondoa pia sehemu ya bar kwenye mipangilio ya i3, la sivyo utakuwa na pau mbili zinazogombania nafasi.

Vitufe visipofanya kazi, sakinisha brightnessctl na uongeze kwenye mipangilio ya i3:

bindsym XF86MonBrightnessUp exec brightnessctl set +5%
bindsym XF86MonBrightnessDown exec brightnessctl set 5%-

Asilimia ikifika 5, acha kupunguza. Kwenye baadhi ya vioo sifuri huzima mwanga kabisa. Ikikutokea, mashine haijafa, bonyeza kitufe cha kuongeza.